Steshenari ya mlango wa bluu, Majengo: nyota nne, ya tano imekwamia kwenye spairo

Jina la duka silitaji. Nina lawama moja nao, na mama mwenye duka ni mtu wa watu. Sitaki jina lake lizungushwe kwenye magrupu ya WhatsApp kwa kosa la kijana wake. Anayekaa Dodoma mjini ataijua tu: nyuma ya Soko la Majengo, mlango wa bluu uliochubuka rangi, fundi viatu kulia, na nje benchi la watu watatu ikiwa wawili wao ni wembamba.

Kazi niliyowapelekea ilikuwa hivi. Mimi ni mwalimu wa historia kwenye sekondari ya kata huko Chamwino, mwaka wa 19 sasa. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili na nililishangilia, lakini shangwe ilipoisha nikakuta rejea zangu zote kuhusu elimu ya wakati wa mkoloni ni za Kiingereza. Likizo ya Desemba nikakaa na kauntabuku nikaandika kwa mkono kijitabu changu mwenyewe: shule za nchi hii zilianzaje, nani alizilipia, nani alisimama mbele ya darasa na mshahara wake ulitoka wapi. Wanafunzi wangu wanasema mwandiko wangu ni wa daktari anayekimbilia basi. Nilihitaji mtu wa kuuchapa, kutoa nakala 45 na kubaindi.

Bei, maana najua wengi mmekuja kwa ajili ya hiyo. Kuchapa ukurasa 1,000. Fotokopi ni 100 lakini kwa kazi kubwa walinishushia hadi 60. Kubaindi kwa spairo, na jalada gumu mbele na nyuma, 1,500 kwa kijitabu baada ya kuvutana kutoka 2,000. Kurasa zilitoka 32, kwa hiyo jumla ikawa 185,900, nami nikalipa 180,000. Steshenari mbili za barabarani nilizopitia kabla zilitaja zaidi ya 250,000, na moja yao hawakutaka hata kufungua kauntabuku.

Lakini bei siyo iliyonikalisha kuandika haya. Ni mchapaji.

Anakaa kompyuta ya pili kutoka mlangoni, ile yenye kibodi iliyofutika herufi A, N na I kwa kuchapa Kiswahili mchana kutwa. Wachapaji wengi niliowahi kuwapa kazi huchapa kama mtu anayepukuchua mahindi, mikono huku na macho kwenye luninga. Huyu anasoma. Hatukumaliza hata ukurasa wa kwanza akanigeukia.

"Samahani Madam, hapa ni Mtunya au Mtanya?"

"Mtunya."

"Nilijua. Bibi alikuwa anaitaja."

Nilikuwa nimeandika kwamba Waingereza walipounda idara ya elimu ya Tanganyika mwaka 1920, na kumtoa Stanley Rivers-Smith Zanzibar aje kuwa mkurugenzi wake wa kwanza, Ugogo ndiyo kwanza ilikuwa inajikokota kutoka kwenye njaa ya Mtunya. Vita vya Wajerumani na Waingereza vilipita hapa. Majeshi yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua ikagoma. Binti huyu mchapaji ni wa Mvumi. Bibi yake alisimuliwa na mama yake jinsi walivyokuwa wakichimba mizizi ya porini na kuiloweka siku mbili ili isiwadhuru. Akaniuliza kwa nini hilo halimo. Nikamwambia liweke. Sasa limo, ukurasa wa 5, na hapo ndipo darasa liliponyamaza kuliko kwingine kote.

Nimetaja njaa kwa sababu kijitabu kizima kinauliza habari ya pesa, na huwezi kuuliza nani alilipia shule bila kuuliza nani alikuwa na chochote cha kulipa. Mwaka 1922 ikaja sheria ya kodi ya kibanda na ya kichwa. Mgogo aliyepona Mtunya akiwa na mbuzi watatu akatakiwa kutoa shilingi. Hapo nikamkamata binti na kosa dogo: alikuwa ameweka "TSh" mbele ya fedha za zamani. Nikamweleza kwamba shilingi ya wakati ule ilikuwa ya Afrika Mashariki, iliyoingia mwaka 1921, na kabla yake watu walihesabu kwa rupia. Akafuta "T" zote bila kununa. Nimewahi kununiwa na wachapaji kwa makosa madogo kuliko hayo.

Sehemu ya Wajerumani tuliimaliza upesi. Walifungua shule ya serikali Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kufundisha kwa Kiswahili, kwa kuwa walitaka makarani na maakida, yaani wasimamizi wao wa vijijini, wa kuandikiana nao barua. Shule hiyo ndiyo iliyochapa gazeti la Kiongozi kuanzia 1904. Serikali ililipia alichokihitaji karani, ikaishia hapo. Mwaka 1914 shule zake zilikuwa na wanafunzi elfu sita hivi nchi nzima, wakati misheni zilikuwa na zaidi ya laki moja na nusu, wengi wao wakiwa wanajifunza kusoma tu ili waelewe katekisimu.

Hapo ndipo benchi la nje lilipoingia kwenye somo. Kuna mzee alikuwa anasubiri kutoa kopi za hati ya kiwanja. Ukikaa kwenye steshenari yoyote ya Dodoma siku hizi lazima umkute mtu na hati ya kiwanja. Binti alikuwa ameniuliza, "Sasa sekondari ya hapa Dodoma wakati huo ilikuwa ipi?" Nikajibu hakuna. Mzee akaingiza kichwa mlangoni.

"Hakuna vipi, Mwalimu? Mazengo je? Mimi nimesoma pale."

Shikamoo ikapita kwanza, halafu nikamweleza. Mazengo anayoijua yeye ilianza ikiitwa Alliance, sekondari ya misheni za Kiprotestanti, na ilikuja baada ya Vita ya Pili ya Dunia. Jina la Mtemi Mazengo wa Mvumi ililipata baadaye. Leo ukienda utakuta Chuo Kikuu cha St. John's, kimeanza 2007 katika majengo yaleyale. Lakini mtoto wa Kigogo wa miaka ya 1920 aliyefaulu mpaka walimu wake wakaishiwa cha kumfundisha hakuwa na sekondari ya kwenda hapa mjini. Kwa serikali ilikuwa Tabora, iliyofunguliwa 1925 kwa ajili ya watoto wa machifu, wavulana watupu. Julius Nyerere aliingia huko 1937, naye alikuwa mtoto wa Chifu Burito. Kwa misheni kulikuwa na Minaki ya Waanglikana kule Pwani, na Mtakatifu Maria ya Wamisionari wa Afrika, nayo Tabora. Reli kutoka Dodoma hadi Tabora ilishafika tangu 1912. Gari moshi lilikuwepo, nafasi ndiyo haikuwepo.

Mzee akasema, "Basi ndiyo maana baba alikuwa karani wa stesheni na hakuwahi kupanda cheo," akarudi kukaa. Nilitamani aendelee lakini ikafika zamu yake.

Sasa nifike ukurasa wa 17, maana ndio uliotupatanisha na ndio ulionikosanisha na duka.

Ukurasa huo unaeleza ruzuku. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ya kutoka Marekani ilizunguka Afrika Mashariki chini ya Thomas Jesse Jones, ikiwa na James Aggrey wa Gold Coast (Ghana ya leo) ndani yake, ikashauri kwamba elimu ya Mwafrika ilenge maisha ya kijijini: kilimo, afya, kazi za mikono. Mwaka uliofuata London ikatoa sera yake: serikali na misheni zishirikiane, misheni ziendeshe shule, serikali ikague na ichangie pesa. Tanganyika ikaiwekea sheria mwaka 1927. Shule ikitaka ruzuku ilipaswa kusajiliwa, kufuata mtaala uliokubaliwa, kumpokea mkaguzi, na kuwa na walimu wenye vyeti. Pesa ilimfuata mwalimu mwenye cheti. Zile shule za vichakani za makatekista, walimu wa dini, chini ya mbuyu, zenye wanafunzi wengi kuliko zote, hazikupata hata senti.

Mwaka huohuo wa 1927 Dodoma ikapata dayosisi, ile ya Central Tanganyika, na askofu kutoka Australia, George Chambers. CMS, misheni ya Waanglikana kutoka Uingereza, ilikuwa Mpwapwa tangu miaka ya 1870, lakini Vita ya Kwanza ya Dunia iliiacha taabani, watu hawatoshi, pesa haitoshi. Chambers aliielewa sheria mpya mara moja: akaanza kutafuta kwao walimu wenye vyeti, maana kila cheti kilichoshuka melini kilikuja na ruzuku nyuma yake. Simlaumu. Hata mimi ningefanya hivyo.

Binti aliacha kuchapa.

"Yaani Madam, mtu akiwa na cheti cha ualimu tu, serikali inatoa hela?"

"Akiwa kwenye shule iliyosajiliwa. Na kiwango cha Mwafrika hakikuwa cha Mzungu."

"Hata hivyo."

Akanyamaza, akapangusa kibodi kwa kiganja. Mimi nikajua kabla hajasema, kwa sababu nilishajiuliza mchapaji gani wa Majengo anajua kuandika "makatekista" bila kuuliza. Ana digrii ya ualimu, Historia na Kiswahili. Amehitimu 2020. Ameomba ajira mara nne. Amejitolea miaka miwili kwenye shule moja ya pembezoni, akilipwa 50,000 kwa mwezi kutokana na michango, mwezi ambao michango ilipatikana. Shuleni kwetu mimi nina mikondo saba peke yangu. Nilikuwa nimekaa kiti cha plastiki nikimlipa mwalimu wa historia shilingi 1,000 kwa ukurasa anichapie historia ya walimu.

Sikusema kitu. Nilimtuma kijana akatununulie chai na maandazi.

Fundi viatu, ambaye muda wote alikuwa anagonga kisigino na kusikiliza, ndiye aliyeuliza swali ambalo nimelipeleka darasani kama zoezi: "Na huko kwao Uingereza, walikuwa wanajibana hivyohivyo?" Nilikuwa na jibu, liko ukurasa wa 21. Kwao, sheria ya 1902 iliwapa halmashauri uwezo wa kutumia kodi za wakazi kuendesha sekondari. Mwaka 1907 serikali ikasema sekondari inayotaka ruzuku kamili itenge robo ya nafasi bila ada kwa watoto waliotoka shule za msingi za umma. Mwaka 1919 ikaundwa kamati ya Burnham ya kupanga mishahara ya walimu kwa viwango vya nchi nzima. Ada yenyewe katika sekondari za umma iliondoka kwa sheria ya 1944. Kwa hiyo hata kwao mtoto wa fundi viatu alisubiri, lakini angalau ruzuku ilimtaja yeye. Huku ruzuku ilimtaja mwalimu na mkaguzi. Mtoto akasubiri zaidi.

"Basi na mimi niliwahi kusubiri," fundi akasema, akanitajia bei ya kushona begi langu. 3,000. Kashona vizuri, nampa nyota zake tano pembeni.

Saa nane na nusu umeme ukakatika. Hili silihesabu kama kosa la duka, na ndipo nilipowaongezea alama: binti alikuwa amesevu kila ukurasa, na akanakili kazi yote kwenye flashi yangu mara uliporudi, kabla hajagusa kitu kingine. Tukakaa gizani kama dakika arobaini. Mama mwenye duka akatoa zabibu za shambani kwake Hombolo, tukala na mbegu zake. Akanisimulia duka lilivyoanza kwa mashine moja ya fotokopi ya mtumba, na kwamba msimu wake ni Januari na wakati wa maombi ya ajira, watu wanapojaa kutoa kopi za vyeti. "Vyeti ndivyo vinavyonisomeshea wanangu," akasema. Alisema kwa furaha kabisa. Binti alikuwa anaangalia barabarani.

Tukamalizia na miaka ya 1930, ambayo haihitaji maneno mengi. Uchumi wa dunia ulianguka, bei ya mkonge ikaporomoka, na mwaka 1932 London ikamtuma Sir Sydney Armitage-Smith kukagua hesabu za Tanganyika. Alishauri kupunguza matumizi, na elimu haikunusurika. Hazina za watemi, zilizoanzishwa chini ya Gavana Cameron kuanzia 1926, zilibaki zikichangia shule za vijijini kutokana na kodi ileile ya yule mwenye mbuzi watatu.

Kuhakiki: alifanya kosa moja kubwa tu, na nilikaribia kulipitisha. Sehemu moja aliandika 1972 badala ya 1927. Mwanafunzi angemkuta Askofu Chambers anawasili Dodoma wakati serikali ya Nyerere inajiandaa kuhamia. Tukacheka, akarekebisha. Mengine yalikuwa ya kwangu, na manne aliyaona yeye.

Sasa lawama. Nilirudi kuchukua mzigo baada ya siku mbili, Ijumaa jioni, nikiwahi basi dogo la mwisho. Nakala 45, zimefungwa kwa kamba ya katani, zinapendeza. Nikafungua ya juu tu. Kosa langu hilo. Nyumbani, kwa tochi ya simu, nikakuta nakala tisa zina karatasi ya ukurasa wa 17 na 18 iliyotobolewa kichwa chini miguu juu. Ukitaka kusoma sheria ya 1927 lazima ugeuze kijitabu kama dereva anayegeuza usukani. Tena spairo walizotumia ni ndogo kwa kurasa hizo. Jalada gumu linang'ang'ania, na mtoto akifungua kwa nguvu tundu linachanika. Nakala mbili zilichanika wiki ya kwanza.

Nikapiga simu. Mama mwenye duka akaanza na jibu nisilolipenda: "Hiyo ni mashine, Mwalimu." Mashine haigeuzi karatasi, Mama. Kijana wa kubaindi alikuwa anaangalia mpira kwenye simu, nilimwona kwa macho yangu siku ya kwanza. Baada ya mvutano akakubali kuzirudia zote tisa bure, na kwa kweli alizirudia nikisubiri palepale, kwa spairo kubwa zaidi. Ila nauli ya kwenda na kurudi ilitoka mfukoni mwangu, na zile 36 nyingine zimebaki na spairo ndogo. Kwa hilo nimeshika nyota ya tano.

Mtauliza nani alilipa hizo 180,000, maana mwenzangu mmoja ofisini ndilo alilouliza kabla hata hajafungua kijitabu. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa 2016, na shule inapata ruzuku ya uendeshaji kwa kiwango cha 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Humo mna chaki, mitihani, karatasi, ukarabati, umeme. Nilimpelekea mkuu wa shule makadirio yangu; akayatazama kwa heshima, akaniuliza kama nakala 10 hazitoshi. Nikatoa 120,000, walimu wawili wa Kiswahili na Jiografia wakanichangia 30,000 kila mmoja. Wazazi sikuwagusa. Nakala 45 zinazunguka kwenye mikondo saba, zinakusanywa kila kipindi kikiisha, na kiranja anazihesabu kama sahani za harusi.

Ya kukusaidia ukienda: fika kabla ya saa nne asubuhi, mchana wanajaa watu wa hati za viwanja. Wanapokea pesa kwa simu, na hawakuongezei makato. Kwenye kubaindi simama pembeni ya kijana, au mwombe afunge nakala moja kwanza uifungue ukurasa kwa ukurasa. Dai spairo kubwa ikiwa kurasa zimezidi 25. Na kazi ya kuchapa usimpe wa kompyuta ya kwanza. Subiri dada wa kompyuta ya pili hata kama ana foleni. Ukiambiwa hayupo, ameitwa kazini, basi duka limeshuka hadi nyota tatu, nami nitakuja kubadilisha hapa kwa mkono wangu, na siku hiyo maandazi nitanunulia benchi zima.